Mstari Mwekundu wa Dada Jescah

Dada yangu Jescah ni mbishi, jamani! Mara ngapi nimemwambia aachane na ile kompyuta kuukuu ya DOS? Hasikii. Ndiyo aliyojifunzia kuchapa kule chuoni Sigalagala, na vidole vyake vinaijua. Hapa mjini Kakamega tunachapa wasifu wa marehemu: yeye anachapa, mimi natoa nakala.

Mwaka huu akaanza kuchezea skrini. Leo herufi za njano juu ya buluu, kesho mistari inapunguzwa ili herufi ziwe kubwa. Programu ya kuchapia hailinenepeshi neno lililokolezwa, inalipa rangi tu kwenye skrini, naye akalichagulia nyekundu. "Kila mtu anapakanga rangi nyumba yake," akaniambia. Nikacheka, nikamwacha.

Wakaja watu wa kijiji cha Malinya na wasifu wa Mzee Osiako. Wakaagiza jina la mke mkubwa, Awinja, likolezwe na likae peke yake kwenye mstari, heshima yake ionekane. Jescah akalichapa vizuri. Alipopitia kazi mara ya mwisho akaona mstari mtupu, akaufuta. Asubuhi ya mazishi jamaa wakachukua nakala mbiombio, wakaenda.

Loo! Kule mazishini msomaji akasoma jina la Edah, mke mdogo, basi. Kwetu, mke ambaye nyumba yake haitajwi mbele ya jeneza ni kama hakuolewa. Wana wa Awinja wakalikalia jeneza, wakaapa baba yao hazikwi.

Awinja akatujia kwa bodaboda, akamkabili Jescah. "Edah alikupa nini, mwanangu?"

"Haki ya Mungu, mama, nilikuandika!" Jescah akachapa jina upya, akalikoleza. Likawaka jekundu. Akakodoa macho, akasogeza uso hadi karibu aguse kioo. "Limeenda wapi?"

Mimi na Awinja tukatazamana.

"Kumbe huoni," Awinja akasema taratibu. "Basi twende ukawaambie hivyo. Mimi wakiniona nasema, watadhani natetea urithi wa shamba."

Nikamvuta dada kando. "Ukisema hivyo mbele ya ukoo mzima, nani atakuletea kazi tena? Sema kompyuta iliharibika!"

"Kompyuta ni nzima, Gentrix. Na mzee wa watu alale juani?"

Tukaenda. Akasimama kando ya jeneza, mimi nimemshika mkono. "Mama Awinja nilimfuta mimi. Hakuna aliyenituma. Macho yangu hayaoni nyekundu tena." Kisha msomaji akaanza upya, akamtaja Awinja kwanza, na wale wana wakainuka wenyewe. Mzee akazikwa.

Tulipokuwa tukitoka, bwana mmoja aliyetuletea wasifu wa mamake juzi ili tuuchape akanifuata. Akaongea kwa adabu sana, hata hasira yangu ikakosa pa kushika. Aliomba tu nimrudishie karatasi zake na picha.

"Mpe," Jescah akasema, kabla sijafungua mdomo. "Ni mamake."