Muasya Aliyetaka Spika Zinyamaze

Kibanda cha Muasya kilikuwa Ukunda, karibu na njia panda ya Diani, na kazi yake ilikuwa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Pampu za mahoteli, feni za misikiti, mashine za kusagia mahindi za huko Msambweni, zote zilipitia mikononi mwake. Alizaliwa Mackinnon Road, akakua akiyasikiliza malori ya barabara kuu, na huenda ndiyo maana alikuwa mtu wa masikio. Akiletewa mota ambayo bado inazunguka, kwanza aliiwasha, akafumba macho, akaisikiliza weee, ndipo akashika bisibisi.

Mwaka wa tisini na nane, zile mvua kubwa za El Nino zilipokatika, Mswisi mmoja aliyeishi Diani alifunga mizigo arudi kwao. Wakati wa mafuriko Muasya alikuwa amemfufulia pampu ya kisima tena na tena. Basi siku ya kuagana, Mswisi akampa amplifaya nzito kama mfuko wa saruji, deki ya kaseti, na spika mbili zilizomfika kiunoni.

Muasya alivipeleka nyumbani kwa mkokoteni, akiimba njia nzima. Mkewe Kavindu akasogeza makochi, akatandika vitambaa vyake vya kufuma. Wakawasha.

"Mmmmmmm," zikasema spika, hata kaseti haijatiwa.

"Huo ndio wimbo wenyewe?" Kavindu akauliza.

Muasya alibadilisha plagi, akasogeza nyaya, akazima friji. Mvumo ukabaki pale pale. Jirani yao Nzai alipowasha mashine yake ya kusaga, ndipo ulipozidi kunenepa. Muasya akafahamu kwamba uchafu ule ulikuwa unaingia pamoja na umeme. Alikosa raha. Kavindu akauzoea mvumo ule kiasi cha kuupa jina, Bwana Nyuki, na kila wageni walipokuja aliwaomba radhi kwa niaba yake.

Ndipo mzee Mbarak wa Msambweni alipokuja kibandani kuchukua feni yake. Mbarak alipiga fidla katika kikundi cha taarabu, na yeye ndiye aliyetunza vinasa sauti, zile maikrofoni za kikundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Muasya akamweleza. Mzee akacheka, akavuta kigoda.

"Sisi tulisumbuka hivyo hivyo na vinasa sauti, mpaka tulipopata waya wa kisawasawa. Ndani yake mna nyaya mbili zinazobeba sauti ile ile, lakini mmoja ukipanda, mwenziwe unashuka. Kelele za njiani huingia kote kuwili kwa namna moja. Mwishoni waya mmoja hupinduliwa, ukajumlishwa na mwenziwe, na kelele hufutana. Sauti inabaki, kelele inakwenda zake."

Muasya alisimama na feni mkononi, akasahau kumpa mwenyewe. Umeme wa nyumbani nao ulikuja kwa nyaya mbili, lakini moto wote ulikuwa upande mmoja, na uchafu ulivujia kwenye mabati ya amplifaya kutoka upande huo huo. Je, akisuka transfoma, akaligawa pato lake katikati, na ile katikati akaiunganisha na ardhi? Kila waya ungebeba nusu ya moto, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Kinachovuja huku kingefutwa na kinachovuja kule.

"Feni yangu, Muasya," mzee akamkumbusha.

Chuma alikipata kwenye mashine mbovu ya kulehemu. Akasuka pole pole, nusu kwa nusu, kila mzunguko ukilingana na mwenziwe, kwa sababu nusu zikipishana kazi yote ni bure. Akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jiko. Na kwa kuwa nyaya zote mbili sasa zingekuwa na moto, akafunga swichi inayokata zote kwa pamoja.

Alipoiwasha mara ya kwanza, pa! Fyuzi zikaruka, nyumba zote za ploti zikazimika.

"Muasya!" Nzai akapaza sauti nje. "Ni goli lile, nami sijui limeingia ama halikuingia!"

Muasya akaenda kuomba msamaha huku akicheka, kwani hapo hapo alikuwa ameelewa: transfoma kubwa hugugumia umeme inapoamka. Akatoa koili katika pasi mbovu, akaufanya umeme upitie hapo kwanza, kisha ndipo uingie moja kwa moja. Mabati ya transfoma yenyewe yalikuwa yakitetemeka, akayatia vanishi na kuyakaza. Jumapili alasiri akawasha tena. Taa haikupepesa.

Kavindu alitega sikio.

"Imeharibika, Baba Ndulu?" akamuuliza mumewe.

"Haikuharibika. Tia sikio kwenye spika."

Kavindu akainama, akabandika sikio. Hapakuwa na kitu. Akamtazama mumewe, akaona amesimama katikati ya chumba, mikono juu ya kichwa, anacheka bila sauti.

Wakamwita Mbarak. Alikuja na mkewe Bi Hafsa na kaseti kuukuu, ya arusi ambayo kikundi kiliitumbuiza kijijini Bodo walipokuwa vijana. Fidla ikaingia, na mzee akanyoosha shingo, kwani alizisikia pumzi zake mwenyewe kabla ya kila mkwaruzo wa uta. Kisha, wimbo ulipopoa na tari kunyamaza, sauti ya mwanamke ikanong'ona waziwazi: "Na hilo pilau, mbona haliletwi?"

Mzee akamgeukia mkewe.

"Hafsa!" mzee akamaka. "Ni wewe!"

"Astaghfirullahi, ni mimi," Bi Hafsa akasema, buibui limemfunika mdomo. "Siku ile tangu asubuhi walikuwa wametupa chai tupu! Miaka yote hii mnaisikiliza kaseti hii, leo ndipo mnanifichua?"

Wakacheka hadi Nzai akaja kuuliza kuna nini, naye akarudishiwa kaseti nyuma asikie. Mbarak aliomba irudiwe mara nyingine, na nyingine, kila mara akimnyooshea mkewe kidole kabla neno halijafika.

Kavindu aliingia jikoni, akapima mchele, akaita kwa sauti kwamba leo Bi Hafsa hatoki humu kabla ya kula pilau.