Firigisi ya Mzee wa Mwello

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hapa Tororo alinipa kisu na saa ya mkononi. "Kisu utakizoea," alisema. "Saa ndiyo kazi." Kuku akishachinjwa, vipande vya kidari, paja, moyo na firigisi vilipaswa kuingia haraka kwenye mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali mno. Jeni za kukuza misuli zimo katika kila kiungo, ila mahali pengine zinachapa kazi na pengine zimelala. Dalili za kazi hiyo huharibika upesi, nasi tulikuwa tunakimbizana nazo.

Nilizunguka Molo, Majanji, hadi Busia ng'ambo ya mpaka, nikitafuta kuku wa kienyeji. Nilikuwa mwepesi wa mkono na nilijivuna, siwafichi.

Kule Mwello mama mmoja alitupatia jogoo wake. Sisi tukate sampuli, yeye abaki na nyama. Nilipopasua tumbo, alinishika mkono.

"Hiyo firigisi ni ya mzee. Yeye iko ndani mgonjwa, lakini bado ndiye mwenye nyumba. Sasa mimi napelekea yeye nini?"

Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Ukimnyima, umemwambia hahesabiwi tena. Nilijua hayo tangu utotoni. Mkuu akaita kutoka garini, "Bado tu?"

"Mama, tunaiazima," nikasema. "Tutairudisha." Nikaitumbukiza mtungini.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kuwaeleza wafugaji majibu. Mama alinipa kiti. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Alikataa kuku zote," alisema taratibu. "Watoto wakichinja, anasema hapana, yangu iko kwa watu wa maabara, wameahidi. Mpaka siku ya mwisho anauliza kama gari imefika."

Nilishika kofia yangu nikalia mbele yake, mtu mzima mimi.

Sasa nimestaafu. Waliponiaga walisifu kasi yangu, nikaona aibu. Ninyi mnaoanza kazi hii mna mitambo mizuri kuliko yetu, nami nawatakia heri. Lakini jueni hili. Kipande tulichohitaji hakikuzidi ukucha wa kidole changu cha mwisho. Ningekata hicho, nikampa mama firigisi iliyobaki. Niliichukua nzima kwa sababu nilikuwa na haraka.