Nguzo Iliyotusemea Mimi na Mama Mkwe

Watu wa siku hizi wanabonyeza ukutani, taa inawaka, wamemaliza. Sisi tuliofanya kazi ya nyaya kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, miaka ile ya hamsini, tulijua kwamba kila taa ina ugomvi wake. Mchwa walikula nguzo kuanzia chini. Radi zilipasua vikombe vya kauri vinavyobeba waya. Na ng'ombe je! Ng'ombe wa Wasukuma wenzangu waliuona ule waya mnene unaoshikilia nguzo isilale, wakadhani wameletewa pa kujikunia mgongo. Walijisugua mpaka nyaya za juu zikagongana.

Hata hivyo niliipenda kazi ile, sikufichi. Mkanda wa ngozi kiunoni, viatu vya meno ya chuma vimeuma mti, upepo unanipepea bure. Nani kama mimi?

Asubuhi moja ya mvua kubwa ng'ombe wakafanya mambo yao, na waya uendao shimo kuu ukakatika. Bila umeme pampu za shimoni hazigeuki, na maji yalikuwa yanapanda kama uji uliosahauliwa jikoni. Wachimbaji walitoka kwa ngazi, wote isipokuwa mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwangalizi wa pampu ya chini. Kichwa kigumu yule! Aligoma kuiacha pampu yake. Waliotoka walipita chini yangu wakanipasha alivyosema: "Shemeji yuko kwenye nguzo. Umeme utarudi sasa hivi."

Sheria yetu ilikuwa hivi: anayepanda nguzo huifunga kwanza swichi ya mtambo wa umeme kwa kufuli, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Mpaka ashuke aurudishe kwa mkono wake mwenyewe, hakuna wa kuwasha mtambo. Ni sheria nzuri. Bila hiyo ningeshaungua zamani.

Basi nikaunga waya. Mwenzangu alikuwa amefukuza ng'ombe hadi ng'ambo ya bonde. Nataka kushuka, natazama chini, mayu we! Mama mkwe wangu huyo. Amekuja kutafuta ng'ombe wake, maana wale wakorofi walikuwa wake, amechoka, ameketi ameegemea nguzo yangu, anatafuna karanga.

Asiyejua mila zetu atacheka. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa mimi niingie pori gani, nami niko juu ya nguzo? Tena nimevaa kaptula, nimshukie kichwani! Nikakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaendelea na karanga zake. Nani hutafuta mtu angani?

Nilining'inia pale jasho likinitoka, kwanza la aibu, kisha la hofu. Yule aliyekuwa majini alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Heshima gani hiyo, ya kumuulia mama mwanawe?

Nikaikumbatia nguzo, nikasema kwa sauti: "Ewe nguzo! Mwambie mama aliyekuegemea kwamba mwanawe yuko shimoni, maji yanapanda, na ufunguo wa kuwashia umeme ninao mimi huku juu."

Karanga zikamwagika. Nikaona khanga inafunika kichwa chote, uso na mabega.

"Nguzo," akasema, "mwambie huyo aliye juu ashuke upesi. Mimi leo sina macho." Akajikokota mpaka kwenye kichuguu, akanipa mgongo.

Nilishuka kama gunia la pamba, nikarukia baiskeli mpaka mtamboni, nikarudisha ufunguo. Mtambo ukaguruma, pampu ikageuka. Shemeji yangu akapanda juu jioni ile, amelowa mpaka kifuani, anatetemeka, na mdomo wake vilevile: "Ulikuwa umelala huko juu, bwana?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama mkwe hakuivunja mila, hata siku moja. Lakini kila alipokwenda sokoni alisimama kwenye ile nguzo. "Nguzo, hujambo? Watoto wazima?" Nikiwa juu, niliijibu nguzo: "Mwambie wazima, shikamoo." Naye akaiitikia: "Marahaba." Nilifurahi siku nzima.

Mchwa walipoimaliza na ikaletwa ya chuma, niliomba kipande kilichobaki kizima, nikakichimbia kwenye ua wa mama mkwe, karibu na dirisha. Nilisema ni cha ng'ombe kujikunia. Mke wangu alicheka tu.

Mama alipougua ugonjwa wa mwisho, waliniita. Sikuingia. Nilisimama uani, mkono juu ya ule mti, nikimsikia anavyohema.

"Nguzo," akasema kutoka ndani, polepole, "mwambie mwanangu radhi zangu anazo."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

"Nguzo," nikasema, "mwambie mama nimesikia."