Kujifunza Kumshukuru Mama kwa Kilao

Miaka ya themanini nilisomea kazi ya maabara katika mji mmoja wa Urusi, na chumbani mwangu nilipangiwa msichana wa Kilao. Mimi nimetoka Unguja na koti jepesi. Yeye katoka Vientiane, mji mkuu wa Laos, na sanduku dogo kuliko langu. Baridi ya kwanza ikanilaza hospitali kwa homa ya mapafu. Niliporudi, nilikuta mwenzangu amekata sketi ya hariri aliyofumiwa na mamake kwa ajili ya harusi yake, akaishona ndani ya koti langu iwe bitana. Nililia. Akaniambia kwa Kirusi chetu kibovu, "Mama atafuma nyingine."

Huyo mama sikuwahi kumshukuru. Tulimaliza masomo, tukapotezana. Mimi niliolewa, nikahamia Maskati, kwanza Darsait, halafu Ansab, pamoja na mama yangu mzazi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, rafiki yangu yule wa Kilao aliipata anwani yangu ya barua pepe kwa mtu tuliyesoma naye. Aliandika kwamba mamake amepindukia miaka themanini, na kama nakuja, nije. Nikaomba likizo ya baada ya miezi sita, na nikaazimia kumshukuru bibi yule kwa lugha yake, bila mkalimani.

Lakini Kilao Maskati utakipata wapi? Madukani hakukuwa na kitabu. Siku moja nikiwa saluni Ruwi, naoshwa nywele na mwanamke wa Thailand, nikamuuliza tu. Akafunga maji.

"Mimi wa kaskazini-mashariki," akasema, kwa Kiarabu cha kazini. "Kithai tunafundishwa shule. Nyumbani tunasema Kilao."

Akawa anakuja kwetu kila Ijumaa asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa. Malipo alikataa. Alichotaka ni jiko, apike wali wa kunata bila wenziwe wa nyumba ya kupanga kumlalamikia nafasi.

Somo la kwanza lilinitoa jasho. Neno "ma", ukilipandisha au ukilishusha sauti, huwa njoo, huwa mbwa, huwa farasi. Mimi nikimkaribisha mgeni, kumbe namwita mbwa. "Asante" ni "khop chai", nami ile kh nikaitoa kooni kama ya khamsa. Mwalimu wangu akacheka hadi akashika meza.

"Si koo, dada. Pumzi tu. Kama unapoza uji."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasikia "chai" mara kumi. "Nnataka," akasema, "lakini msinitilie sukari." Tulimweleza kwamba chai kwa Kilao ni moyo. Akafikiri kidogo, akasema basi hao watu wanajua kushukuru.

Nilijifunza pia kusema kwamba sili nguruwe, na kwamba kichwa cha mtu hakiguswi ovyo. Siku nyingine nilisoma kwenye mtandao habari za vita: ndege zilivyomwaga mabomu Laos miaka nenda miaka rudi, watu wakaishi mapangoni. Nikamuuliza mwalimu. Aliacha kula. Akasema bibi yake, ng'ambo ya pili ya Mto Mekong, ulio mpaka wa Laos na Thailand, alikuwa akisikia mngurumo.

Hapo nikakumbuka fataki za mwaka mpya kule Urusi. Mwenzangu alijitupa chini ya kitanda, nami nikamcheka, nikamwita mwoga. Aibu ilinishika miaka ishirini baadaye, jikoni kwangu. Nikamwandikia kumtaka radhi. Akajibu: "Ulicheka, kweli. Kisha ukaingia chini ya kitanda ukakaa na mimi mpaka zikaisha." Hilo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Ijumaa ya mwisho mwalimu alikuja na uzi mweupe wa pamba, anifunge mkononi ili roho zangu, maana kwao mtu ana roho nyingi, zisitawanyike njiani.

"Hirizi hiyo?" mama akauliza.

"Ni dua yao, mama."

"Mwambie atuwie radhi kwa uzi. Maneno tunayataka."

Niliogopa mwalimu ataudhika. Aliuweka uzi mkobani, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake, akasema maneno yote mpaka mwisho. Mama akaitikia, "Amin."

Vientiane nilimkuta bibi, mama wa rafiki yangu, amekaa juu ya mkeka, mdogo, macho makali. Nikapiga magoti, nikasema sentensi niliyoirudia garini miezi sita: mama, asante sana kwa sketi ile. Akainamisha kichwa, akamwambia binti yake jambo, wote wawili wakaangua kicheko.

"Anasema umefahamika," rafiki yangu akanitafsiria, "ila unasema kama watu wa ng'ambo ya mto. Nani kakufundisha?"

Nikaeleza habari za mwanamke wa saluni. Bibi alitaka kujua kila kitu: kijiji chake, wazazi wake, lini atarudi kwao. Ng'ambo ile bibi mwenyewe alikuwa na dada, na kwa miaka mingi mpaka ulifungwa, hawakuonana. Nilijibu nilichojua, nikajuta kwamba mimi sikumuuliza mwalimu wangu hata nusu ya maswali hayo.

Kisha bibi akakivuta kikapu cha wali, akafinyanga tonge, akanitia mkononi. Kuhusu sketi hakusema neno. Alisema, kula.