Siku Grupu Ilipojaa Amina

Wiki moja kabla ya risasi, dadangu Wairimu alioka keki ya ushirikiano. Alikuwa na duka la keki hapa Kiuu, ukuta kwa ukuta na cherehani yangu, na aliimba asubuhi nzima akiipamba. Ilikuwa na ghorofa tatu: moja ya zahanati ya kanisa letu, moja ya hospitali ya kibinafsi ya Ruiru yenye ambulensi, na ya juu kabisa ya hospitali ya upasuaji kule Thika. Walikuwa wameamua kufanya kazi kama nyumba moja. Hakuna mgonjwa angezungushwa tena kutoka geti moja hadi lingine. Wakubwa wao watatu wakalishana keki kama maarusi, sisi tukapiga makofi.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Zahanati ikizidiwa, nesi anaandika kwenye grupu ya WhatsApp. Thika wakijibu “mleteni”, ambulensi inatoka Ruiru. Bila hilo neno dereva hasongi, kwa sababu zamani alikuwa akifukuzwa getini na mgonjwa yuko ndani. Tuliona wametumia akili.

Halafu ikaja ile siku. Watu hunisahihisha nikiiita vita. Ati zilikuwa fujo tu. Haya basi. Mimi nililala kifudifudi sakafuni, bunduki zikilia barabarani na moshi wa matairi ukiingia chini ya mlango. Wao waiite wanavyotaka.

Wairimu alitoka kufunga duka.

Risasi ikampata pajani.

Nani aliipiga? Mpaka leo hakuna aliyeulizwa.

Majirani wawili walinisaidia kumpakia kwenye mkokoteni, tukakimbia naye hadi zahanati. Nesi Njoki alimfunga mguu kwa nguvu, akakandamiza kidonda kwa mikono yote miwili. Damu haikukoma. “Huyu anataka daktari wa upasuaji, na anamtaka sasa,” akasema, akaandika kwenye grupu kwa kidole chenye damu.

Simu ikalia mara moja. Nikashukuru Mungu.

Ilikuwa Amina.

Mchungaji wetu, ambaye naye yuko kwenye hiyo grupu, alikuwa ameweka ombi refu la amani ya nchi. Na unajua sisi. Ombi likiwekwa mbele yetu, nani atapita bila kuitikia? Amina kutoka Ruiru. Amina kutoka Thika. Amina na mikono ya kuomba. Ujumbe wa Njoki ukasukumwa juu, usionekane. Akaandika tena. Ukafunikwa tena.

“Si upige simu!” nikampigia kelele.

Alimpigia dereva. “Nesi, niko tayari, hata injini imewaka. Nangoja Thika waseme.”

Akapiga Thika. Msichana wa mapokezi akajibu kwa adabu kabisa, “Weka kwa grupu, madam, daktari ataona.”

Weka kwa grupu! Barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe, na gari pekee ambalo vijana walioifunga walikuwa wakilifungulia njia ni ambulensi. Ningembeba dadangu mgongoni mpaka Thika?

“Mama Ciku,” Wairimu akaniita. “Nimeacha oveni ikiwaka.”

“Nitaizima.”

“Usisahau.”

Hakusema kingine.

Njoki alikuwa bado amekandamiza kile kidonda wakati simu ilipolia tena. “Mleteni,” Thika walikuwa wameandika. “Tuko tayari.”

Na walikuwa tayari kweli! Hicho ndicho kinachonichoma. Baadaye Njoki aliniambia chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, daktari ameketi, anangoja wagonjwa. Dereva alikuwa amekalia usukani. Hakuna aliyelala, hakuna aliyetoroka. Kila mmoja alifanya sehemu yake sawasawa, na dadangu akaisha katikati yao.

Kwa mazishi walikuja wote. Magari matatu yakifuatana, ambulensi ikiwa mbele, na shada moja kubwa la pamoja. Mkubwa wa Thika akashika maikrofoni, akaanza kueleza vile walivyoshirikiana kadiri ya uwezo wao. Nikainuka nikamnyang'anya.

“Leo nani amewaambia mleteni?” nikamuuliza. “Leo mbona hamkungoja?”

Shangazi alinivuta mkono nikae. Sikukaa.

Siku hizi dereva huondoka kwanza, neno linamfuata njiani, na maombi yana grupu yake. Njoki ndiye aliyepigania hayo. Najua kuna mama wa Kiuu wanaotembea leo kwa sababu hiyo, na sitasema ni jambo dogo. Lakini kubadilisha huko kulihitaji kikao cha asubuhi moja tu, na wangeweza kukifanya ile siku walipokuwa wakilishana keki yake.

Pale kaburini mchungaji alituombea, akamaliza. Watu wote wakaitikia kwa sauti moja.

Mimi sikuitikia. Kanisani huwa naenda, naimba, napiga magoti kama wengine. Hilo neno moja ndilo sijalisema tena.