Mti Mlangoni kwa Mwanangu, Jangwani

Siku ile sebuleni kwangu, kijijini Yakobi, tulikuwa watano. Mwanangu wa kwanza, anayeuza mbao Makambako; mkewe, mtu wa Lupembe; binti yangu wa pili, ninayeishi naye; shemeji yangu mwinjilisti, mdogo wa marehemu mume wangu; na mimi. Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya ukoo, ila siyaandiki.

Wa sita alikuwa ndani ya simu: kitindamimba wangu, aliyekwenda kusoma Amerika ya Kusini, kwenye jangwa la juu milimani. Akiniaga stendi ya Makambako alisema, "Mama, nikimaliza narudi, tunakaa wote." Nikamwandalia chumba.

"Kamwene, mama!"

"Kamwene, mwanangu. Huko mvua imenyesha?"

Akacheka. "Mama, hapa mtoto anaanza shule hajaiona mvua."

Akatuonyesha. Ardhi nyekundu, tupu, kama tanuri la matofali lililopoa. Wanyama wa manyoya wenye shingo ndefu, mfano wa mbuzi aliyetaka kuwa twiga. Ndege heroe wamesimama kwenye ziwa la chumvi lenye barafu pembeni. Kisha akavunja jiwe la chumvi: ndani, mstari wa kijani. Akasema hivyo ni viumbe hai, vidogo mno, havingoji mvua, vinakunywa unyevu wa hewa tu. Kazi yake ni kuvichunguza.

"Hao ndio walokole," mkwe wangu akasema, "wanaishi kwa imani!" Tukacheka wote, hata mwinjilisti.

Simu ikapita mlangoni kwake. Nikaona mche, umezungushiwa mawe, udongo wake umelowa.

"Rudisha hapo. Nani kapanda?"

"Mimi, mama. Namwagilia maji ya kuoshea vyombo."

Sisi ni watu wa miti. Kule kijijini Kifanya mtu anapanda msindano, mti wa mbao, akijua atangoja mpaka mtoto aliye mgongoni aote ndevu. Mpita njia hapandi. Seuze pasipo na mvua!

"Unakuja lini?"

Picha ikaganda kwenye ule mche. Nilidhani ni mtandao. Nikawatazama wenzangu: mwanangu anaangalia viatu, mkewe anakaza kitenge, shemeji anakohoa.

Binti yangu wa pili ndiye aliyesema. "Mama, ameajiriwa huko. Tangu mwaka jana. Tulitaka presha yako itulie kwanza."

"Na wewe shemeji, kila Jumapili unaomba arudi nyumbani?"

"Nilikuwa naomba kweli, shemeji."

"Ukiwa unajua."

Kitindamimba akaanza kulia. Yeye simlaumu sana. Ujana una njia zake. Hawa nilikuwa nakula nao. Mwanangu aliniletea rangi ya kile chumba Krismasi, akiwa ameshajua, akasimama mlangoni akasema, "Itampendeza, mama."

Siku hizi shemeji akija kuniombea, namwambia aanze na habari, sala ifuate.

Uzee una mashimo. Kama kuna neno nimelipindisha, wale waliokuwepo wanisahihishe. Safari hii waseme mapema.