Siku Niliyokuta Nimeshaoa

Hadi leo naona haya kupita mbele ya ile ofisi ya komine, wanakoandikisha ndoa, hapa Kisangani, maana ndani yake, mbele ya wakwe na kwaya nzima ya kanisa, nilisomewa kwamba mimi ni mume wa mtu.

Yote yalianza sokoni, kwa bwana mmoja aliyeuza laini za simu chini ya mwavuli. Aliomba kadi yangu ya kura asajili laini, nikatia sahihi karatasi yake, akauliza baba, mama, kijiji, na mimi na mdomo wangu usio na breki (nilikuwa na shati jipya, watu wananitazama) nikamtajia ukoo mzima hadi Yanonge, nikaongeza hata jina alilonipa marehemu koko, mama wa baba yangu: Ngando, yaani mamba, kwa kuwa nilimeza samaki bila kutafuna. Yule bwana hakucheka. Aliandika tu.

Bon, siku ya ndoa, Furaha yuko kando yangu na gauni lake, ofisa akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Papa, wee iko tayari mu hii kitabu. Ulioa mwezi yenye ilipita."

Nikacheka peke yangu. Akasoma jina langu, wazazi, Yanonge, "anayeitwa pia Ngando". Kicheko kikanikauka, maana jina hilo hata Furaha sikuwahi kumwambia. Na sahihi, jamani, ilikuwa yangu na mkia wake.

"Ngando ni nani?" Furaha akaninong'oneza.

Mjomba wake, tonton Amisi, akasimama. "Non! Mutoto yetu hataolewa na bwana ya mwenzake!"

"Sheria inaazibu mwizi ya jina," ofisa akasema, "lakini mwizi iko wapi? Mimi naona wewe tu."

Kando ya sahihi palikuwa na namba ya simu. Nikapiga, nikaweka spika. Sauti ya mwanamume, tulivu kabisa: "Allô, ni Ngando." Na kabla sijatamka neno: "Pole na ndoa." Ikakatika.

Furaha ndiye aliyeniokoa. "Mumesikia sauti mbili," akawaambia. "Mutu moja hawezi kuwa ku simu na kuwa hapa."

Tulioana baada ya miezi ya kuhangaika mahakamani kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nimeapa: sasa mtu akiniuliza mwana wa nani, namjibu wa mama yangu, basi.

Lakini juzi mchana nilibisha mlango, Furaha akaitika kutoka ndani, "Nani tena? Ngando iko hapa tayari, anakula."

Nilijua ni utani wake. Nilichungulia dirishani kwanza, ndipo nikaingia.